Kusoma Alama kwa Haki



Mjomba wangu aliniachia kopo la biskuti. Ndani yake hamkuwa na fedha wala hati ya kiwanja, bali chipu arobaini na tatu za kompyuta za kale, zimechomekwa mstari kwa mstari katika vipande vya sifongo kama miche kitaluni. Nyingi zilitengenezwa katika Muungano wa Kisovieti, dola iliyovunjika Desemba 1991, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mjomba alisomea ufundi wa umeme mjini Kiev katika miaka ya 1980. Alirudi Kolwezi na sanduku la vitabu, koti zito ambalo hata baridi ya asubuhi zetu za Juni haikulihitaji, na kopo hilo. Nataka kuwasimulia jinsi lilivyonifundisha kusoma, na jinsi nilivyotumia ujuzi huo wa kusoma kumdhulumu mtu aliyeniamini.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne aliponipa chipu ya kwanza niishike. Ilikuwa kipande cheusi cha plastiki, urefu wake sentimita tano hivi, chenye miguu ishirini upande huu na ishirini upande ule, mithili ya tandu. Juu yake paliandikwa KP580BM80A. Nikaisoma kwa kujiamini, herufi moja moja, kama nilivyofundishwa shuleni. Mjomba akatabasamu.

“Umesoma herufi zako, mwanangu. Hujasoma herufi zao.”

Akanieleza kwamba hizo si herufi zetu, ingawa zinafanana nazo. Katika maandishi ya Kirusi, ile tunayoiona kuwa P husomwa R, na ile tunayoiona kuwa B husomwa V. Jina la kweli la chipu ile lilikuwa KR580VM80A. Kama ningeitafuta kwa jina nililolisoma mimi, ningezunguka bila kufika popote, na kosa lisingekuwa la chipu.

Kisha akanifundisha kulifungua jina hilo. K ya mwanzo husema kwamba kifaa kilitengenezwa kwa matumizi ya kawaida ya raia. R husema kwamba ganda lake ni la plastiki. Tarakimu 580 ni namba ya ukoo, yaani kundi la chipu zilizoundwa ili zifanye kazi pamoja. VM hutambulisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaopokea amri na kuzitekeleza. Namba 80 ni mwangwi wa prosesa ya Kimarekani iliyoigwa, Intel 8080, iliyotoka mwaka 1974. Herufi ya mwisho hutofautisha toleo moja na jingine. Chini ya jina palikuwa na tarakimu nne, 8804, na mbili za kwanza zilitaja mwaka: 1988. Pale ambapo hapakuwa na K, bali alama ndogo ya umbo la almasi, Mjomba alinyamaza kidogo kabla ya kusema, “Hii ilikaguliwa na wanajeshi.” Nilistaajabu kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kubeba habari zake zote mgongoni, kikimngoja tu mtu wa kuzisoma.

Somo jingine lilihusu vipimo. Marekani hupanga miguu ya chipu kwa kufuata inchi, na nafasi kati ya mguu na mguu ni milimita 2.54. Wasovieti walifuata mita, wakaipunguza nafasi hiyo, katika chipu zao nyingi, kuwa milimita 2.5 kamili. Tofauti hiyo ni ndogo mno na macho hayaioni. Lakini chipu yenye miguu arobaini ina nafasi kumi na tisa kila upande, na kasoro ile ikijumlishwa mara kumi na tisa huwa milimita 0.76. Mguu wa kwanza huingia vizuri katika tundu lake, wa pili huingia, wa tano huingia. Wa mwisho hukataa. Mjomba alisema, “Kasoro ndogo haionekani mwanzoni. Inangoja mwisho wa mstari.” Nililicheka neno hilo kama mtoto. Baadaye nililikumbuka, na wakati huo sikucheka.

Kulikuwa pia na chipu moja iliyotengwa na nyingine, imefungwa katika karatasi. Iliandikwa jina la kifahari la prosesa adimu. Mjomba akalowesha pamba kwa asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akapangusa ukingoni. Wino ukayeyuka. Akanielekeza niinamishe chipu kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mikwaruzo midogo, yote imeelekea upande mmoja. Mtu alikuwa ameisugua ili kufuta jina lake la kuzaliwa, kisha akalipiga juu yake jina la bei kubwa zaidi. Biashara hiyo ipo mpaka leo, na kila mkusanyaji wa chipu huiogopa. Nilimwuliza Mjomba kwa nini hakuitupa. Akajibu kwamba anaihifadhi ili asisahau jinsi uongo unavyofanana na ukweli. Juu ya karatasi aliandika kwa kalamu: “Jina si lake.”

Siku moja alipita mnunuzi wa bodi za simu na kompyuta mbovu, mmoja wa wale wanaozipeleka kuyeyushwa kwa tindikali ili kutoa dhahabu. Macho yake yaliangukia chipu tatu za kauri zenye vifuniko vilivyopakwa dhahabu. Alizitia kiganjani, akazipima kwa kuzirusharusha, akataja bei. Hakuuliza zilitoka wapi, zilifanya kazi gani, wala kama bado zilikuwa nzima. Mjomba alimshukuru, akazirudisha koponi. Alipoondoka akaniambia, “Huyu anazijua kwa uzito tu.” Hakusema kwa dharau. Mnunuzi yule alikuwa akitafuta ugali wa watoto wake, na tindikali ile ilimwunguza mapafu yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mimi niliyezaliwa juu ya shaba sikuweza kutouliza: je, shaba yetu imo ndani ya chipu hizi? Mjomba hakutaka kunifurahisha kwa uongo. Alisema kwamba nyaya nyembamba zilizochorwa juu ya silikoni za wakati ule zilikuwa za alumini. Shaba ilikuwa nje, katika bodi ambazo chipu zilichomelewa. Miaka ya baadaye nilijifunza mwenyewe kwamba mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza njia ya kutumia shaba ndani ya chipu badala ya alumini, na kwamba mwaka 2017 Intel ilieleza jinsi ilivyoanza kutumia kobalti katika nyaya zake ndogo kabisa. Basi metali mbili za udongo wa Lualaba zimeingia katika ubongo wenyewe wa kompyuta. Hakuna chipu yoyote iliyoandikwa juu yake jina la mchimbaji. Alama hutaja ukoo, ganda na mwaka. Mkono wa kwanza hautajwi.

Wapendwa, sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini sina haki ya kufanya hivyo.

Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikitafuta ada ya chuo, nilipata kazi katika depo moja ya kununulia mawe. Sitaitaja, na ni haki kusema kwamba si depo zote zilizo kama ile. Niliajiriwa kwa sababu nilijua kusoma vyombo. Nilikabidhiwa mashine ya kupimia kiwango cha metali, ile yenye umbo la bastola ambayo wachimbaji wote wa kwetu wanaifahamu na kuiogopa. Kazi yake ni ya ajabu na ya kupendeza. Hupeleka mionzi ndani ya jiwe, na kila metali hujibu kwa nishati yake yenyewe isiyofanana na ya nyingine. Shaba hujibu kama shaba, kobalti hujibu kama kobalti. Ni kana kwamba jiwe linaulizwa jina lake, nalo linajibu bila kudanganya. Ile hetorojeniti nyeusi, ambayo mgeni angeidhania kuwa makaa, hufichua kobalti iliyomo. Malakiti ya kijani hufichua shaba yake.

Jiwe halikudanganya. Mdanganyifu alikuwa mimi.

Kioo cha mashine kilinielekea mimi, na mchimbaji alisimama upande wa pili wa meza. Katika wiki ya kwanza bwana wa depo aliniambia kwa upole kabisa kwamba kazi yangu si kusoma kilichoandikwa, bali kusoma kinachofaa. Kama kioo kilisema 2.5, nilitakiwa kutamka 1.8. Kama kilisema 3, nilitamka 2. Bei ya gunia hufuata asilimia, na tofauti ile ilibaki depo. Sikupewa sehemu yake; nilipewa mshahara wangu tu, na nilijidanganya kwamba kwa hiyo mikono yangu ilikuwa safi. Kila siku nilitamka namba ndogo mbele ya watu waliotoka shimoni wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kila Jumapili niliimba sauti ya nne katika kwaya ya parokia.

Ikawa siku moja ya Kwaresima. Aliyeweka magunia yake matatu mezani alikuwa mwenzangu wa kwaya, mtu mzima ambaye husimama kuume kwangu tunapoimba. Nilikuwa nikimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu huku Katanga, naye aliniita mdogo wake. Wenzake walimtania kwamba huchagua mawe kwa jicho kuliko mashine. Nilipima. Kioo kikasema 3.4. Bwana wa depo alikuwa amesimama mlangoni. Nikatamka, “Moja nukta tisa.”

Aliniangalia mimi, hakuiangalia mashine. Nilimwona akishangaa, kwa sababu jicho lake lilikuwa limemwambia namba nyingine. Kisha uso wake ukatulia.

“Asante, mdogo wangu. Maadamu ni wewe uliyesoma, mimi nimeridhika.”

Akapokea fedha, akakunja magunia yake matupu, akaenda zake.

Usiku ule sikulala. Nilifungua kopo la Mjomba, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nikidhani kwamba kuzipangusa chipu kungenituliza. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye ile karatasi. “Jina si lake.” Nilielewa kwamba kwa miezi mitano nilikuwa nimefanya kazi ya yule msugua chipu. Tena nilimzidi ubaya: yeye alikipa kitu hafifu jina kubwa, mimi nilikipa kitu chema jina dogo, tena mbele ya macho ya aliyekitoa ardhini kwa jasho lake. Nikakumbuka pia kasoro ile isiyoonekana, ambayo hungoja mwisho wa mstari. Nilikuwa nimeijumlisha mara nyingi kuliko kumi na tisa, na sasa mguu wa mwisho ulikuwa umekataa kuingia.

Nilikwenda kuungama. Padri hakunigombeza. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikumbusha habari za Zakayo mtoza ushuru, ambaye alipompokea Yesu nyumbani hakuishia kulia, bali alihesabu. Alisema kwamba msamaha wa Mungu haununuliwi, ila mali ya mtu haigeuki kuwa yangu kwa sababu nimesamehewa. Kanisa hufundisha kwamba kilichoibwa hurudishwa kwa mwenyewe. Jumatatu niliacha kazi. Chuo kikasubiri mwaka mzima.

Kwenda kwa yaya kulikuwa kugumu kuliko kwenda kwa padri. Nilimkuta nje ya nyumba yake akimshonea mwanawe kiatu. Nilimwambia namba ya kweli. Alishona hatua mbili tatu bila kuinua kichwa, kisha akauliza neno moja tu:

“Na wengine?”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Yeye nilimlipa kwa awamu mpaka hesabu ikaisha, naye alipokea kwa heshima. Lakini wale wengine walikuwa wengi. Sikuandika majina yao, na wengi walikuwa wapitaji kutoka mashimo ya mbali. Sikujua nyumba zao. Nilijua asilimia za mawe yao tu, na hata hizo nilizitamka vibaya. Kama yule mnunuzi wa dhahabu, niliwajua kwa uzito. Tunaimba pamoja mpaka sasa, mimi na yaya. Hunisalimu vizuri na kuniita kwa jina langu la ubatizo. Mdogo wake hajaniita tena, nami simdai.

Vijana wapendwa, siwaandikii ili kuwahimiza mkusanye chipu, ingawa ni burudani njema na isiyo na gharama kubwa kwa mwenye subira. Nawaandikia kwa sababu katika nchi yetu kujua kusoma ni mamlaka. Anayesoma mizani, anayesoma kioo cha mashine, anayesoma mkataba kabla ya mwingine kutia kidole gumba, anashika mkononi chakula cha familia isiyo yake. Kitabu cha Mithali husema wazi kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Zamani nilidhani maneno hayo ni ya wachuuzi wa sokoni. Siku hizi mizani ina kioo na betri, na wengi wenu, kwa kuwa mmesoma, ndio mtakaoishika.

Tunao mfano wa karibu. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa kijana mlei, wa jumuiya ya Sant'Egidio, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Mchele ulioharibika ulipoletwa mbele yake, alitakiwa aupitishe kana kwamba ni mzima, na fedha zikawekwa mezani. Alikataa, kwa sababu watu wangeula. Aliuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma. Fikirini: utakatifu wake ulipitia katika jambo dogo kama kusema jina la kweli la gunia. Sikuwa na ujasiri wake. Mimi nilitishwa na mshahara wa mwezi, yeye hakutishwa na kifo.

Na Papa Fransisko alipokutana na vijana wetu katika uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, Februari 2023, aliwaalika watazame mikono yao wenyewe, akakipa kila kidole kazi: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na utumishi. Uaminifu aliuweka katika kidole cha kati, kile kirefu. Siku mbili kabla ya hapo, katika mji huo huo, alikuwa ameuambia ulimwengu kwamba Afrika si mgodi wa kukombwa. Tulimshangilia, na tulifanya vema. Lakini neno lile linatugusa na sisi kwa sisi, maana mkono uliokomba magunia ya yaya haukutoka ng'ambo. Ulitoka sauti ya nne ya kwaya.

Wataalamu wa madini wanajua jiwe linaloitwa kolweziti, lenye shaba na kobalti ndani yake. Lilielezwa mwaka 1980 na kupewa jina la mji wetu. Basi mji wetu una jiwe lenye jina lake katika vitabu vya dunia. Kitabu cha Ufunuo, sura ya pili, kinatuahidi zaidi ya hayo: yeye ashindaye atapewa jiwe jeupe, na juu yake jina jipya lililoandikwa, ambalo halijulikani na mtu ila yeye anayelipokea. Ninapolitafakari fungu hilo nalikumbuka kopo la Mjomba, na najipa moyo. Mungu hatatusoma kwa herufi zisizo zetu. Hatatamka namba ndogo kuliko iliyoandikwa. Anatujua kwa jina, wala si kwa uzito.

Siku hizi, kila Jumamosi alasiri, baadhi yetu hukutana katika ukumbi wa parokia na vijana wanaofanya kazi mashimoni. Tunajifunza asilimia, tunajifunza kusoma mizani na risiti, tunajifunza kuomba kioo kigeuzwe ili wote wawili waone. Kopo huwa mezani. Kila anayekuja mara ya kwanza nampa ile chipu nyeusi ya mwaka 1988 asome jina lake, naye hukosea kama nilivyokosea mimi. Ndipo tunapoanza.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi:

1. Ni nani anayetegemea usomaji wangu: katika familia, kazini, shuleni? Je, akigeuziwa kioo leo, ataona namba ile ile niliyomtamkia?

2. Kuna mtu ninayemjua kwa uzito tu, yaani kwa faida ninayoipata kwake? Jina lake ni nani?

3. Kuna kitu ambacho nimesamehewa lakini sijakirudisha? Hatua ya kwanza wiki hii ni ipi?

Tusali: Ee Bwana, unayetuita kwa majina yetu, utupe macho ya kusoma vema na midomo ya kutamka tulichokisoma. Uwakumbuke wale tuliowapunja nasi hatujui walipo, Wewe unawajua. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.